Jina Langu Ni Beta na Nimechoka Kuwa wa Pili

Beta Kipkosgei,
Mkulima wa Majani Chai,
Karibu na soko la Sigowet,
Kericho, Kenya.

14 Mei, 2025.

Kwa Afisa Mkuu wa Herufi,
Ugiriki.

Kupitia kwa: Chifu wa lokesheni yetu.

Ndugu Afisa,

MINTARAFU: HERUFI YENU YA PILI NA MADHARA ILIYONILETEA

Pokea salamu kutoka nchi ya majani chai. Mvua imenyesha vizuri, ng'ombe wanatoa maziwa, na majani yanachunwa bila kusukumana. Mimi mwenyewe ni mzima isipokuwa presha, ambayo nitaieleza katika lalamiko la nne kwa sababu ni yenu.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Huenda hukisomi, lakini na ninyi mlipotuletea herufi zenu hamkutuuliza kama tunasoma Kigiriki. Binti yangu Winny, anayesomea mambo ya lugha chuo kikuu, ameikagua barua hii na kubadilisha B kumi na tisa kuwa P. Makosa yaliyobaki ni yangu.

Nilizaliwa mwaka wa 1971. Baba yangu, ambaye sasa ni marehemu, alitaka niitwe Peter, kama yule mtume aliyepewa funguo. Akatembea kwa miguu hadi Kericho kuniandikisha. Karani aliyekuwa zamu siku hiyo aliitwa Bwana Gordon, mtu wa kutoka upande wa ziwa, mwenye masikio mazuri na mwandiko wa kupendeza. Akauliza mtoto anaitwa nani. Baba akasema, "Beta." Karani akauliza tena ili ahakikishe, "Beta?" Baba akajibu, "Ndio, Beta," akafurahi sana kwamba ameeleweka haraka hivyo katika ofisi ya serikali. Lazima ufahamu, Ndugu Afisa, kwamba sisi Wakipsigis hatuna ugomvi kati ya B na P. Kwetu ni ndugu wa tumbo moja. Ukimwita mmoja, yeyote aliye karibu anaitika.

Kwa hivyo niliandikwa Beta, nikabatizwa Beta, nikaoa mwaka wa 1996 nikiwa Beta, na kwa zaidi ya miaka hamsini sikuona shida yoyote, kwa sababu hata ningeandikwa Peter bado watu wote wa huku wangeniita Beta.

Jirani yangu anaitwa Alfred Kiptanui. Shamba lake na langu yametenganishwa na ua wa miiba. Tulichunga ng'ombe pamoja, tukapashwa tohara mwaka mmoja, na tulipoanza darasa la kwanza mwalimu aliona uvivu kumaliza jina lake akamwita Alfa. Jina likashika. Alfa na Beta, tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kutuuliza ni nani anatangulia.

Desemba iliyopita Alfred alikuja kwangu kuazima pampu ya kunyunyizia dawa. Winny alikuwa ameketi nje na mama yake wakimenya viazi. Alipotuona tumesimama pamoja akacheka, akasema, "Baba, nyinyi mnajua Alfa na Beta ni herufi za Kigiriki? Alfa ndiyo ya kwanza. Beta ni ya pili."

Alfred akauliza, "Ya kwanza ni gani?"

"Ni Alfa, mzee."

"Rudia kidogo."

Winny akarudia, kwa sababu tulimlea na heshima. Alfred akatikisa kichwa polepole, akaaga, akaenda zake bila pampu. Tangu siku hiyo anatembea kama mtu aliyemeza mti wa ufagio. Hapo ndipo yalipoanza mambo ambayo sasa nayaweka mbele yako kwa utaratibu.

1. Kanisani. Mchungaji wetu, Mchungaji Onsongo, anapenda sana kuhubiri kutoka Kitabu cha Ufunuo. Kila akifika pale panaposema, "Mimi ni Alfa na Omega," Alfred anainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayetambulishwa kwa wageni. Jumapili moja alinyanyuka nusu. Nilirudi nyumbani nikasoma Ufunuo wote, sura ishirini na mbili, nikitafuta mahali Beta anatajwa. Nilikuta wanyama wenye pembe kumi, nzige wenye nyuso za watu, joka, farasi wa kila rangi na mtu aliyekula kitabu. Beta hakuna. Nilimwendea Mchungaji kumuuliza mbona. Akaniambia, "Mzee Beta, kutoka Alfa mpaka Omega ni safari. Wewe uko njiani." Nilimshukuru, lakini sikulala vizuri.

2. Neno alfabeti. Winny ananiambia kwamba ninyi mlichukua jina la herufi ya kwanza na jina la herufi ya pili mkayaunganisha, na dunia nzima ikakopa neno hilo. Nilifurahi kwa muda wa kama dakika moja. Halafu nikaliandika kwenye karatasi. Alfa amewekwa mzima, herufi zake zote nne, hakuna iliyokwaruzwa. Mimi nimekatwa mwisho nikawekwa "beti". Nimeuliza Kiingereza wanafanyaje, nikaambiwa wao wamenikata kabisa wakaacha "bet". Na hapa kwetu vijana wakikaa na simu zao kubahatisha mechi za mpira wanasema wanabeti. Mama mmoja sokoni ambaye mtoto wake aliuza mbuzi kwa ajili ya mchezo huo aliniangalia vibaya sana. Winny anasema hilo neno lilitoka kwingine kabisa, mimi sihusiki. Nenda ukamwambie huyo mama.

3. Programu ya kupima majani. Hili ndilo lililoniumiza zaidi, kwa hivyo nitalieleza polepole.

Mwezi wa pili mwaka huu, kiwanda kinachochukua majani yetu kilileta programu mpya ya simu. Karani wetu wa kituo cha kupimia majani, Loice, angepima gunia, angeandika kwenye simu, na mambo yangekwisha. Siku ya kwanza tulifika wakulima kama arubaini. Loice akapima magunia matatu, na simu ikaganda. Akaizima, akaiwasha. Ikaganda. Jua likapanda. Majani yakaanza kupata joto ndani ya magunia, na wewe kama hujui majani chai, basi jua kwamba jani likishika joto linageuka jekundu na haliwezi kurudi kijani hata uliombee. Dereva wa lori akangoja mpaka saa nane, kisha akasema ana vituo vingine, akaondoka. Watu wakaachwa na magunia yanayotoa mvuke.

Mzee mmoja, Benard, akaomba kuona hiyo simu iliyoleta balaa. Akavaa miwani. Juu kabisa ya kioo palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa: BETA.

Mimi nilikuwa nimeondoka mapema kidogo kwa sababu gunia langu lilikuwa kati ya yale matatu yaliyopimwa. Jambo hilo nalo halikunisaidia. Saa tisa nilisikia kelele kwenye lango langu, nikatoka, nikakuta watu thelathini na kitu wakiwa na magunia mgongoni. Benard akaniambia kwa sauti ya chini, ile ya mtu aliyekasirika sana, "Beta, kuja utoe majani yetu kwa hiyo simu yako."

Nikawaambia sina simu kama hiyo. Wakaniambia jina langu liko pale, wameliona. Ikabidi Loice aitwe. Alikuja, msichana wa watu, amechoka, akawaeleza kwamba Beta si mtu. "Beta ni ile kitu haijakamilika," akasema. "Bado inajaribiwa. Inaweza kukwama wakati wowote. Wakiona inafaa ndio wataifanya iwe ya ukweli."

Watu wakageuka wote wakaniangalia. Mke wangu Janeffer alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Akasema, "Hiyo mimi nilijua tangu mwaka wa tisini na sita," akarudi jikoni.

Sasa, Ndugu Afisa, mwezi uliofuata tulikuwa na uchaguzi wa kamati ya kituo. Mimi nimekuwa naibu mwenyekiti mara tatu. Ni mimi niliyeomba kile kituo kiezekwe mabati. Ni mimi niliyesimama na watu wa barabara mpaka wakamwaga kokoto pale kwenye kilima. Zamu hii nilikuwa nimeamua kusimamia uenyekiti, na watu walikuwa wameniahidi. Alfred naye akajitokeza. Hajawahi kukaa kwenye kamati yoyote. Aliposimama kuomba kura alisema maneno mawili tu. La kwanza, "Mimi ni Alfa, mnajua maana yake." La pili, "Mwenzangu ni mtu mzuri, lakini hata simu imesema hajakamilika."

Alipata kura hamsini na nane. Mimi nilipata kumi na saba, na Janeffer amekataa kuniambia kama yake ni moja kati ya hizo. Kwa heshima wakanifanya naibu mara ya nne. Watu walipiga makofi. Alfred alinyoosha mkono tusalimiane, na mimi nikajifanya ninafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa gambuti. Tangu hapo hatukuzungumza. Mtu ambaye nimemjua kabla sijajua kusoma, tukawa tunapitana kwenye njia ya ng'ombe kama watu wa kaunti mbili.

4. Presha. Kichwa kilianza kuniuma kila nikisikia kengele ya kanisa. Nikaenda kliniki, nikapimwa na daktari mmoja mpole anayeitwa Molly. Akasema presha imepanda na moyo unakimbia, atanipa vidonge vinavyoitwa beta-bloka. Nikamuuliza vinafanya nini. Akasema, "Vinazuia beta." Nikamuuliza kama amesoma jina langu kwenye kadi. Akasoma, akafunika mdomo na ile kadi, akatoka nje kwa muda. Aliporudi alinipima tena na presha ilikuwa juu kuliko mara ya kwanza. Vidonge ninameza. Kila asubuhi baada ya chai ninajizuia mwenyewe, kwa maji ya vuguvugu.

5. Mwanzo wa hiyo herufi. Baada ya hayo nilimpigia Winny simu nikamwambia anitafutie Wagiriki walilitoa wapi hilo jina, kwa maana mtu hawezi kushtaki bila kujua mpaka wa shamba. Alichonitumia kimenishangaza.

Kumbe jina si lenu. Mlilichukua kwa Wafoinike, watu wa zamani wa pwani ya kule Lebanoni, na kwao herufi hiyo iliitwa bethi, na maana yake ni nyumba. Waebrania nao walikuwa nalo, na ndiyo maana kuna Betheli, nyumba ya Mungu, na Bethlehemu, nyumba ya mkate. Waarabu wanasema bayti, nalo likawafikia watu wa pwani yetu, na leo ukisoma shairi la Kiswahili unaambiwa lina beti kadhaa, kila ubeti kama chumba. Mahali pote hapo ni nyumba. Niliposoma hayo nilikaa vizuri kwenye kiti. Nilijiona ni mtu mwenye paa.

Halafu nikafika kwenu. Mlilipokea jina, mkalitia A mwishoni, na hapo maana ya nyumba ikapotea. Kwenu likawa jina la herufi tu. Warusi wakaja kukopa, wakaigawa herufi mara mbili, wakapata Be na Ve, kila mmoja na njia yake. Na ninyi wenyewe, anasema Winny, siku hizi hamtamki tena Beta. Mnatamka Vita.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Vita.

Sijui kama kuna mtu amewahi kuwaambia neno hilo lina maana gani huku kwetu. Ni watu kupigana, Ndugu Afisa. Ni bunduki. Mlipewa nyumba ya wenyewe mkaifanya vita, na ukiangalia nyumba yangu, kanisa langu, kituo changu cha majani na ua wangu, utaona kwamba mmefaulu.

Jioni ya siku hiyo nilikuwa ninapogoa ua, nina panga mkononi, na Alfred alikuwa upande wa pili anapogoa pia. Sikuweza kujizuia. Nikamwambia kupitia miiba, "Kwa Kigiriki cha sasa mimi ni Vita."

Akaacha kupogoa, akasema neno la kwanza aliloniambia kwa majuma saba. "Na mimi?"

Nikamwambia, "Wewe bado ni Alfa."

"Hata sasa?"

"Hata sasa."

Akaendelea kupogoa. Jina lake limetembea dunia nzima na miaka elfu tatu bila kuchubuka hata ngozi. Langu limekatwa, limegawanywa, limegandishwa kwenye simu, limezuiliwa kwa vidonge na kutangazwa kuwa vita. Mtu yeyote wa haki ataona kwamba hilo si jambo la kawaida.

Kwa hivyo naomba yafuatayo, na ninaomba kwa upole.

Kwanza, herufi zenu ziwe na zamu. Alfa akae mbele miaka miwili, Beta naye akae mbele miaka miwili, kama kamati zote zinazojiheshimu. Kama katiba yenu hairuhusu, basi tafuteni jina lingine la hiyo herufi ya pili. Nilimwendea mzee Benard, ambaye jina lake pia linaanza na B, na amekubali kwa maandishi litumike badala ya langu. Ameuliza tu kama itabidi asafiri. Pili, acheni kusema Vita, mrudishe nyumba. Tatu, mniandikie barua yenye muhuri, isomwe kanisani na pale kituoni, ikisema kwamba Beta amekamilika. Hiyo ya tatu ndiyo muhimu, na kama mna nafasi ya kutimiza moja tu, timizeni hiyo.

Nisipopata jibu ndani ya siku ishirini na moja nitakata uhusiano na herufi zote za Kigiriki. Nitaanza na pai. Ninajenga tangi la maji la duara nyuma ya zizi, na nimemwambia fundi wangu, Mageto, afanye hesabu zote bila kutumia pai. Amesema litavuja. Nimemwambia afadhali livuje likiwa letu.

Chifu wetu, Mama Chepyegon, ambaye barua hii inapitia mikononi mwake, aliisoma yote mpaka hapa akiwa amesimama. Akaniuliza, "Beta, hii lokesheni imemaliza shida zingine zote?" Nikamjibu kwamba shida zingine zina wenyewe. Akapiga muhuri wa "Imepokelewa" kwenye kona, akasema huo haumaanishi anakubaliana nami.

Nisalimie watu wa ofisi yako na wote wa nyumbani kwenu. Wasalimie Gama na Delta na wale wengine wote walio nyuma yangu. Waambie mpaka juzi sikuwa nimefikiria hali yao, na ninasikitika. Omega msalimie pia, ingawa yeye hana shida, anatajwa kila Jumapili. Janeffer anawasalimia. Ng'ombe hawajambo.

Ni mimi, kwa heshima na kwa kungoja,

Beta Kipkosgei,
Naibu Mwenyekiti.

Tanbihi: Barua hii ilikuwa bado mfukoni mwa koti ikingoja siku ya kwenda posta. Leo Alhamisi asubuhi, nikiwa katikati ya majani, nimemwona Alfred akipita ndani ya ua. Sisemi juu yake wala kando yake. Ndani. Ametokea upande wangu shati limechanika na damu kwenye mikono, akaniambia Beverly, mke wa mtoto wake, ameshikwa na uchungu, kijana yuko kazini Mulot, na gari aliloliita limekwama kwenye matope. Nimeacha kapu hapo hapo. Nimewasha pikapu, Janeffer akaketi nyuma na Beverly juu ya godoro, Alfred akakaa nami mbele. Kwenye kile kilima magurudumu yakaanza kuteleza. Mwenyekiti wa kituo ameshuka mwenyewe, akasukuma mpaka tope likamfika kwenye nyusi, na alipopanda tena nimempa leso yangu. Tumefika kliniki, na hatujakaa hata nusu saa, tukaitwa. Ni mvulana. Daktari Molly akauliza ataandikwa nani. Alfred hakumwangalia mtu. Alisema, "Beta," akatoka nje akakaa kwenye ngazi, nami nikaenda nikakaa karibu naye, na tukabaki hapo tukiangalia mvua.

Kwa hivyo, Ndugu Afisa, naomba uyapuuze maombi yote yaliyo hapo juu. Msibadilishe herufi hata moja. Benard nitamweleza mimi mwenyewe. Barua ninaituma kwa sababu stempu imekwisha kubandikwa, na pia ili mjue hali ilivyo sasa: huku kwetu tuko Beta wawili, na mimi ndiye wa kwanza. Yule mdogo ni wa pili. Atazoea.